Fahamu mji wa Latur, India unaogusa bei ya mbaazi zetu

Dar es Salaam. Ukimtajia Mtanzania India, atakuambia Mumbai ya filamu, Delhi ya serikali, au Chennai na Hyderabad wanakokwenda wagonjwa. Latur haimo. Hauna bahari, hauna fukwe, na ni watalii wachache wanaofunga safari kwenda kuuona.

Lakini kama kwenu ni Mtwara, Lindi, Babati au Kondoa na nyumbani wanalima mbaazi, huu ni mji wa kuujua. Mvua ikinyesha vizuri huko, bei yako inaweza kuanguka. Ikigoma, unaweza kupata hela ya bati. Na mkulima wa huko naye anakuangalia wewe kwa jicho hilohilo.

Uko wapi hasa?

Latur upo katika jimbo la Maharashtra, jimbo lilelile la Mumbai, ila upo ndani kabisa, karibu kilomita 500 kutoka Mumbai. Ukanda wake unaitwa Marathwada. Sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu watu karibu 383,000 mjini hapo. Kwa ukubwa fikiria Jiji la Tanga, ukiondoa bandari na upepo wa bahari.

Watu wake wengi wanazungumza Kimarathi, lakini Kiurdu nacho kipo mitaani kwa sababu ya historia. Hadi mwaka 1948 eneo hili lilikuwa chini ya Nizam, mtawala wa Kiislamu wa Hyderabad, ambaye dola yake iliingizwa India kwa nguvu ya jeshi mwaka mmoja baada ya uhuru. Ngome za Ausa na Udgir, miji jirani, ni kumbukumbu za watawala wa zamani wa ukanda huo.

Ukitaka kuuelewa mji wenyewe, anzia Ganj Golai. Ni soko la mviringo katikati ya mji, na barabara 16 zinatoka hapo kama njiti za gurudumu la baiskeli. Katikati kuna hekalu. Pembeni kuna mitaa ya dhahabu, ya viatu, ya nguo, ya pilipili na ya sukari guru. Ni mji uliochorwa kwa ajili ya kuuza na kununua, na hadi leo kazi yake kubwa ni hiyo.

Mji wa mbaazi na soya

Udongo wa Latur ni mweusi, mzito, unaonata ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka. Kwa wanaolima maeneo ya mbuga hapa kwetu, mnaujua. Chini yake kuna mwamba mgumu wa volkano ambao hauhifadhi maji mengi. Hilo la mwamba liweke kichwani, tutalirudia.

Wakulima wa huko hupanda mwezi Juni na Julai, mvua zinapoanza. Mvua hizo zinaletwa na upepo wa kusi, huuhuu uliokuwa ukisukuma majahazi ya mababu zetu kutoka pwani hii kwenda Bara Hindi. Wengi huchanganya: mistari kadhaa ya soya, halafu mstari wa mbaazi. Soya inavunwa karibu Oktoba, mbaazi zinabaki shambani hadi Desemba au Januari. Mkulima wa Babati anayechanganya mahindi na mbaazi atasema hii naijua.

Baada ya mavuno, mzigo unaenda soko la mazao la Latur, moja ya masoko makubwa ya soya na mbaazi nchini India. Pale kuna dalali, na neno lenyewe wenzetu wanalo pia: dalal. Hata gunia analobebea mkulima, jina lake tulilichukua kwao.

Kutoka sokoni, mbaazi zinaingia viwandani. Hapa ndipo Latur inapopata hela. Mji una viwanda vingi vya kukoboa mbaazi na kuzigeuza dal, yaani zile punje za njano zilizopasuliwa katikati ambazo familia za India zinapika karibu kila siku. Kwa Wahindi wasiokula nyama, na ni mamilioni, dal ndiyo nyama yao.

Kazi yenyewe inataka subira. Mbaazi zinasafishwa na kupangwa kwa ukubwa, zinakwaruzwa ganda kwa mashine, zinapakwa mafuta kidogo, zinapumzishwa, zinaanikwa, zinanyunyiziwa maji, zinaanikwa tena, ndipo zinapasuliwa. Kwenye kilo 100 za mbaazi zinatoka takriban kilo 70 hadi 75 za dal. Maganda na chenga wanakula ng'ombe. Hakuna kinachotupwa.

Mbaazi zetu nyingi, kwa upande mwingine, zinasafirishwa zikiwa nzima, kama zilivyotoka shambani. Faida ya kukoboa, kupasua, kufungasha na hata ile ya maganda inabaki upande wa pili wa bahari.

Kwa nini wanahitaji mbaazi za Afrika?

India ndiyo nchi inayolima mbaazi nyingi kuliko zote duniani, na bado hazitoshi. Ikifika Agosti na Septemba, maghala ya wakulima wa Latur yamekauka na mavuno mapya bado miezi kadhaa. Wakati huohuo ndipo mbaazi za Tanzania, Msumbiji na Malawi zinatoka shambani.

Kalenda hiyo ndiyo biashara yenyewe. Sisi tunaziba pengo lao. Mwaka wa fedha 2024/25 India iliagiza zaidi ya tani milioni 1 za mbaazi kutoka nje, na Tanzania ni mmoja wa wauzaji wake wakubwa.

Shida ni kwamba pengo hilo halina ukubwa mmoja. Mwaka mmoja ni bonde, mwaka unaofuata ni kamfereji tu. Kinachoamua ni mvua ya Latur na miji mingine ya mbaazi kama Kalaburagi na Akola, pamoja na karatasi inayosainiwa Delhi. Hakuna mfano mzuri wa kuonyesha hili kuliko kilichotokea kati ya mwaka 2015 na 2017.

Treni ya maji

Mwaka 2014 mvua zilikuwa haba Marathwada. Mwaka 2015 zikawa haba tena. Mbaazi zilinyauka, na kufikia Oktoba 2015 kilo moja ya dal ilikuwa inauzwa hadi rupia 200 madukani India. Ikawa habari ya siasa, watu wanatania kwamba dal imekuwa chakula cha matajiri.

Latur kwenyewe hali ilikuwa mbaya kuliko utani. Bwawa la Manjara, linaloupa mji maji, lilikauka. Visima virefu vya futi mia kadhaa navyo vikatoa vumbi, kwa sababu ya ule mwamba. Machi 2016 serikali ya wilaya ilitoa amri ya kuzuia zaidi ya watu watano kukusanyika karibu na matangi ya kugawia maji. Ilihofia watu wangepigana. Hebu fikiria: mji wa mamia ya maelfu ya watu, na foleni ya ndoo inawekewa amri kama maandamano.

Aprili 12, 2016 ikaingia treni. Ilikuwa na mabehewa 10, kila moja lina takriban lita 50,000 za maji, kutoka mji wa Miraj uliopo zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo. Waliiita Jaldoot, maana yake mjumbe wa maji. Baadaye mabehewa yaliongezwa hadi 50 na treni ikapiga zaidi ya safari 100 kabla mvua hazijarudi vizuri.

Reli iliyotumika ina kisa chake. Njia ya Miraj hadi Latur ilijengwa zama za Waingereza kama reli nyembamba ya kampuni binafsi, kazi yake ikiwa kusomba mazao ya ukanda huo. Ikaja kupanuliwa kuwa reli pana baadaye. Bila upanuzi ule, treni ile ya maji isingefika kwa namna ilivyofika.

Huku kwetu, mwaka huohuo, hakuna aliyekuwa anajua habari za Jaldoot. Tulichojua ni kwamba mbaazi zina bei. Wanunuzi walikuwa wanazifuata vijijini. Watu wakaongeza mashamba, na waliokuwa hawajawahi kulima wakaanza kulima. Julai 2016 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alifanya ziara Afrika. Alipopita Msumbiji, nchi hizo mbili zilisaini makubaliano ya India kununua mbaazi na jamii nyingine za kunde kwa wingi. Ilionekana India itanunua mpaka tuchoke kulima.

Kisha mvua ikanyesha.

Septemba na Oktoba 2016 Marathwada ilipata mvua hadi mafuriko. Bwawa la Manjara lililokuwa vumbi Aprili likajaa. Na wakulima wa Latur, ambao nao walikuwa wameona bei ya rupia 200, walikuwa wamepanda mbaazi kila kona. Uzalishaji wa India uliruka kutoka tani milioni 2.56 msimu wa 2015/16 hadi tani milioni 4.87 msimu wa 2016/17. Karibu mara mbili, ndani ya mwaka mmoja.

Wakulima wa Latur hawakusherehekea. Serikali ilikuwa imetangaza bei ya chini ya rupia 5,050 kwa kwintali, yaani kilo 100, lakini sokoni bei ilishuka chini ya hapo. Watu walipanga foleni na magunia yao kwenye vituo vya ununuzi vya serikali. Wengine waliuza kwa bei ya kutupa kwa wafanyabiashara kwa sababu wana madeni, na deni halisubiri foleni.

Hapo lawama zikaja kwetu. Wakulima walihoji: kama ndani mzigo umejaa, kwa nini meli zinaendelea kuleta mbaazi kutoka Afrika na Myanmar? Agosti 5, 2017 Delhi ikafunga mlango. Uagizaji wa mbaazi ukawekewa kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka.

Tazama tarehe hiyo tena. Agosti. Mbaazi za Mtwara na Lindi ndiyo kwanza zilikuwa zinatoka shambani. Mkulima alishapalilia, alishalipa vibarua, alishavuna. Bei iliporomoka na wapo waliobaki na magunia ndani kwa kukosa mnunuzi. Wengi waliambiwa tu kwamba "Wahindi wameacha kununua", bila maelezo zaidi.

Maelezo yalikuwepo. Yalikuwa yameanzia kwenye bwawa lililojaa nje ya mji wa Latur miezi 10 kabla.

Sisemi mkulima wa Latur ndiye adui. Kwa mahesabu yake, wewe ndiye uliyemharibia soko. Wote wawili walipanda kwa kuangalia bei ya mwaka jana, na wote walivuna bei ya mwaka huu.

Miwa kwenye nchi ya ukame

Sasa turudi kwenye maji, maana kuna jambo lisiloeleweka haraka. Latur si jangwa. Wastani wa mvua wilayani humo ni kama milimita 700 hadi 800 kwa mwaka, zaidi ya Dodoma. Kwa nini basi maji yaletwe kwa treni?

Mwamba ni sababu moja. Sababu nyingine ni miwa. Kuanzia miaka ya 1980 viwanda vya sukari vya ushirika viliota ukanda huu, na nyuma yake kulikuwa na wanasiasa wakubwa. Anayejulikana zaidi ni Vilasrao Deshmukh, mtoto wa kijiji cha Babhalgaon nje kidogo ya Latur, aliyekuwa mkuu wa serikali ya Maharashtra kwa vipindi viwili kati ya mwaka 1999 na 2008. Wapenzi wa filamu za Bollywood watamjua zaidi mwanawe, mwigizaji Riteish Deshmukh.

Muwa unakaa shambani mwaka mzima au zaidi na unakunywa maji muda wote. Mbaazi inavumilia kiu. Akili ya kawaida inasema ukanda mkavu ulime mbaazi. Lakini weka mahesabu ya mkulima mezani. Miwa ina kiwanda kinachoichukua, na bei ya chini imewekwa kisheria. Mbaazi zina bei ya serikali pia, ila serikali hainunui zote, na mwaka kama 2017 ukikukuta, umeumia.

Kwa hiyo mwenye kisima na mtaji analima miwa. Asiye na kisima anabaki na soya na mbaazi akisubiri mawingu. Visima vya wa kwanza vinazidi kuchimbwa chini, na maji ya ardhini ni ya wote. Nikiulizwa mimi, ule ukame wa 2016 uliletwa na mbingu nusu, nusu nyingine na mipango ya watu.

Gharama yake imekuwa kubwa kuliko pesa. Mwaka 2015 pekee, zaidi ya wakulima 1,000 walijiua katika wilaya nane za Marathwada. Madeni na mazao kuharibika ndiyo mambo yaliyotajwa mara kwa mara.

Usiku wa 1993

Wakazi wa Latur wenye umri wa kutosha wana tarehe nyingine wasiyoisahau: Septemba 30, 1993. Alfajiri kabla ya saa 10, tetemeko la ukubwa wa 6.2 lilipiga eneo la Killari, kilomita 40 hivi kusini mwa mji. Siku iliyotangulia ilikuwa kilele cha sikukuu ya Ganesh, watu walikuwa wamerudi kulala wamechoka.

Karibu watu 10,000 walifariki. Nyumba za vijijini zilikuwa na kuta nene za mawe yaliyoshikizwa kwa udongo, nzuri kwa joto la mchana, lakini ziliwaangukia waliolala ndani. Vijiji vizima vilihamishwa na kujengwa upya sehemu nyingine kwa msaada wa Benki ya Dunia.

Watoto wanatoroka shamba kwa kalamu

Kuna kitu kingine ambacho Latur inajulikana nacho Maharashtra nzima, na hakihusiani na mazao: kufaulu mitihani. Wanaita "mtindo wa Latur". Shule na vyuo vyake, kikiwemo Chuo cha Rajarshi Shahu, vilianza kutoa wanafunzi bora wa jimbo kwa njia rahisi kueleza na ngumu kufanya: mazoezi ya mitihani, masahihisho, mazoezi tena, bila kupumzika.

Leo mji una mitaa ya vituo vya masomo ya ziada, mabweni na vibanda vya chakula cha wanafunzi. Vijana wanatoka wilaya za jirani kuja kujiandaa na mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari na uhandisi. Wengi ni watoto wa wakulima. Mzazi anauza soya, analipa ada ya kituo, anaomba Mungu mtoto asirudi shambani. Kwa hiyo bei ya mazao ikishuka Latur, hata mama lishe wa wanafunzi anaisikia.

Kazi za viwandani nazo zimeanza kusogea. Kiwanda cha mabehewa ya treni kilijengwa nje ya mji na behewa la kwanza likatoka mwishoni mwa 2020. Sasa kimepewa kazi ya kuunda treni za kisasa za kulala. Mji ulioletewa maji kwa treni unakwenda kutengeneza treni.

Cha kuangalia kwenye simu yako

Mei 2021 India ilifungua tena mlango wa mbaazi, na tangu hapo imekuwa ikiuongezea muda kwa vipande. Tanzania nayo ilibadilisha namna ya kuuza: sasa mbaazi zinapitia stakabadhi ghalani na minada ya Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), ambapo mkulima angalau anaiona bei ikitajwa hadharani.

Mnada unaonyesha bei, hauitengenezi. Ukitaka kunusa bei kabla ya mnada, fuatilia vitu vitatu. Cha kwanza ni tangazo la India kuhusu ruhusa ya kuagiza, ambalo mara nyingi hutoka kabla ruhusa iliyopo haijaisha mwezi Machi. Cha pili ni bei ya chini wanayowatangazia wakulima wao. Kwa msimu wa 2025/26 ilikuwa rupia 8,000 kwa kwintali, na ikipanda sana ujue wanataka walime zaidi wao wenyewe.

Cha tatu ni mvua ya Juni na Julai Marathwada. Habari zake zinapatikana bure mtandaoni kila siku. Wakati wakulima wa Latur wanatazama mawingu kuamua wapande soya, mbaazi au vyote, zile za Mtwara zilizopandwa Desemba na Januari tayari ziko shambani zinatoa maua.